KWA NINI MINYOO HURUDI BAADA YA DAWA?

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo kila familia ya kijijini inalijua, ingawa mara nyingi tunalijua nusu tu. Ni minyoo ya tumbo. Wazazi wengi husema hivi: "Mtoto alipewa dawa shuleni, akatoa minyoo, akapata nafuu. Haijatimia miezi sita tumbo limejaa tena, chakula hali, usiku anakohoa." Basi hapo kila mtu hutoa maelezo yake. Wengine husema dawa ilikuwa imepitwa na wakati. Wengine husema kila mtu huzaliwa na minyoo yake, na kwamba ikitolewa yote chakula hakisagiki. Wengine huilaumu sukari na peremende.

Tuanze kwa kuondoa hayo. Minyoo haisagi chakula cha mtu yeyote. Hula chakula chetu au hunywa damu yetu, na tumbo lisilo na minyoo hufanya kazi vizuri zaidi. Sukari nayo haizai minyoo. Peremende iliyoanguka uani ikaokotwa na kurudishwa mdomoni ni habari nyingine, lakini hapo kosa si la sukari.

Na dawa je? Dawa za minyoo zinazotumika siku hizi, kama albendazoli na mebendazoli, ni nzuri. Lakini mwaka 2012 wataalamu walichapisha matokeo ya tafiti nyingi walizozikusanya kutoka nchi mbalimbali, kuhusu watu waliopewa dawa kisha wakapimwa tena baada ya miezi kadhaa. Kwa minyoo mikubwa ya mviringo, baada ya mwaka mmoja hali ilikuwa imerudi hadi asilimia 94 ya ilivyokuwa kabla ya dawa. Maana yake ni kwamba, kama katika kijiji watu 100 walikuwa na minyoo hiyo kabla ya kunywa dawa, baada ya mwaka walikutwa karibu 94. Kwa minyoo aina ya mjeledi ilikuwa asilimia 82, na kwa safura asilimia 57.

Dawa ile haikuwa mbovu. Ilitoa minyoo iliyokuwa tumboni siku ile, basi. Dawa ya minyoo si kama chanjo, haimkingi mtu kwa siku zijazo. Wala haifiki uani, migombani, ziwani au kwenye banda la nguruwe, na huko ndiko minyoo mingine inakosubiri. Kwa hiyo kila familia inapaswa kujiuliza ni kwa njia ipi minyoo huingia nyumbani kwake. Njia hizo hazifanani, na nyumba mbili za jirani zinaweza kuwa na shida tofauti kabisa.

Minyoo inayoingia kwa mdomo

Minyoo ambayo mama huiona mtoto anapojisaidia, ile mirefu, ya mviringo, yenye rangi nyeupe inayokaribia waridi, huwa na urefu wa sentimita 15 hadi 35. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Hutoka pamoja na kinyesi, na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: yai lililotoka leo haliwezi kumwambukiza mtu leo. Ni lazima likae kwanza katika udongo wenye unyevu na kivuli kwa wiki mbili hadi nne, ndipo kijiminyoo kilichomo ndani yake kikomae. Kwa sababu hiyo mtu anapougua hakumbuki tena kinyesi kilichomletea ugonjwa. Kimeshaoza, mvua imekisambaza, kuku wamekichakura, na mahali pale sasa watoto wanachezea.

Mayai haya ni magumu sana. Katika udongo unaoyafaa yanaweza kukaa hai kwa miaka. Ua uliochafuliwa mwaka juzi unaweza kumwambukiza mtoto aliyeanza kutambaa mwaka huu.

Sasa tuseme wazi jambo ambalo katika familia nyingi halizungumzwi. Kinyesi cha mtoto mdogo ndicho hatari kuliko vyote. Tumezoea kusema kwamba kinyesi cha mtoto hakina neno kwa kuwa mtoto hali vyakula vya wakubwa. Hutupwa nyuma ya nyumba, migombani, au huachwa mbwa amalize. Kumbe kwa minyoo hii mikubwa, watoto wa umri wa kwenda shule na wadogo zao ndio wanaobeba mingi kuliko baba na mama. Familia inaweza kuwa na choo kizuri kinachotumiwa na watu wazima wote, lakini kama kinyesi cha mtoto wa miaka miwili kinatupwa uani, choo kile hakijaizuia minyoo. Kinyesi cha mtoto kichukuliwe kwa koleo au kwa jani na kutupwa katika shimo la choo, na aliyekishika anawe mikono kabla ya kugusa unga au titi.

Kutoka udongoni mayai huja mdomoni kwa njia nyepesi sana: vidole na kucha, embe lililookotwa, mchicha na kachumbari isiyooshwa vizuri, kikombe kilichoanikwa chini. Pia kuna udongo unaoliwa kwa makusudi. Kina mama wajawazito wengi, na baadhi ya watoto, hutamani udongo wa kichuguu au wa ukutani. Hatuwacheki. Mara nyingi hamu hiyo huendana na upungufu wa damu, na dawa yake ni kwenda kliniki kupimwa damu. Lakini udongo huo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na hapo mama anayetafuta nafuu huongeza tatizo.

Mayai yakimezwa, vijiminyoo hutoboa utumbo, hupita kwenye ini, hufika mapafuni, hupanda hadi kooni, kisha humezwa tena. Ndipo hukaa katika utumbo na kukua. Kikohozi cha mtoto wa uani wakati mwingine ni safari hiyo. Kutoka kumeza yai hadi minyoo kuanza kutaga ni miezi miwili au mitatu, kwa hiyo mtoto aliyekunywa dawa mwezi wa tatu anaweza kuwa na minyoo mipya inayotaga kabla ya Krismasi bila mtu yeyote kuikosea dawa.

Minyoo mingi ikijikusanya pamoja inaweza kuziba utumbo. Mtoto mwenye tumbo lililojaa na kuwa gumu, anayetapika, asiyepata choo wala kutoa hewa, asipewe dawa ya minyoo nyumbani wala ya kienyeji. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Minyoo ya mjeledi, ambayo ni midogo na myembamba upande mmoja kama mjeledi, hufuata njia hiyohiyo ya mdomo. Ikiwa mingi sana mtoto huharisha kamasi na damu, na utumbo wa nyuma unaweza kutoka nje anapojikamua. Kidonge kimoja huiondoa kwa shida, kwa hiyo mganga anaweza kutoa dawa ya siku tatu.

Safura, minyoo inayoingia kwa mguu

Safura ni hadithi nyingine kabisa. Minyoo yake ni midogo, yapata sentimita moja, na ni nadra kuonekana katika kinyesi. Mayai yake huanguliwa udongoni kwa siku moja au mbili, na baada ya siku tano hadi kumi vijiminyoo huwa tayari kuingia mwilini. Havisubiri kumezwa. Husubiri ngozi.

Jambo hili liligunduliwa na Arthur Looss, mtaalamu Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo, nchini Misri. Mwaka 1898 alimwagikiwa kwa bahati mbaya na maji yenye vijiminyoo hivyo mkononi. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Baadaye alipopima kinyesi chake akakuta mayai ya safura. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuelewa kwamba mtu anaweza kupata minyoo ya tumbo kwa kukanyaga tu.

Vijiminyoo hivi hupenda udongo wenye unyevu, mchanga kiasi, na kivuli. Jua kali na ukavu huviua. Basi fikirini ni wapi mtu wa kijijini hujisaidia anapokuwa mbali na choo. Hatafuti mahali peupe penye jua. Huingia migombani, chini ya mikahawa, nyuma ya mihogo, kwenye vichaka kando ya njia ya shamba, mahali penye kivuli na unyevu, na mara nyingi palepale alipokwenda jana. Kesho hupita hapo mama na jembe, pekupeku, akifuatwa na watoto. Mahali pa aibu zetu ndipo safura inapostawi vizuri zaidi.

Tofauti na minyoo mikubwa, safura huwapata sana watu wazima, hasa wanaolima. Hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Iko aina mbili. Ile yenye ulafi zaidi, kila mmoja humpotezea mtu karibu sehemu moja ya tano ya mililita ya damu kwa siku. Inaonekana kidogo, lakini mtu mwenye minyoo 100 ya aina hiyo hupoteza mililita 20 kila siku, yaani vijiko vinne vya chai. Aina ya pili hunywa kidogo zaidi, chini ya kijiko kimoja kwa minyoo 100. Na safura huishi mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi. Mtu anayekula ugali na mboga, nyama kwa sikukuu tu, hawezi kurudisha damu hiyo.

Ndiyo maana tunaona watu wanaoitwa wavivu ambao si wavivu. Baba anayepumzika mara tatu katika tuta moja, kijana anayehema akipanda kilima kidogo, mama ambaye viganja vyake na ndani ya kope zake pamekuwa peupe. Kwa mama mjamzito hali hii ni ya kutisha. Kila mama hupoteza damu anapojifungua, lakini aliyefika kitandani akiwa hana damu anaweza kupoteza maisha kwa kiasi ambacho mwenzake angekivumilia. Mtoto wake naye huweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Hapa tuna neno kuhusu dawa za shuleni. Ni mpango mzuri na tunawaomba wazazi wasiwazuie watoto. Lakini kidonge kinachotolewa shuleni humfikia mwanafunzi tu. Baba na mama waliokaa shambani siku ile, ambao kwa safura ndio wagonjwa zaidi, hawakupata kitu, nao wanaendelea kuuchafua udongo uleule ambao mwanafunzi ataukanyaga akirudi kutoka shule. Mwenye dalili tulizozitaja asingoje zamu ya shule. Aende zahanati.

Viatu husaidia sana. Si lazima viwe vya gharama. Katambuga za tairi ni bora kuliko kandambili, na kandambili ni bora kuliko pekupeku, ingawa majani yenye umande hugusa mguu juu ya kandambili. Watoto wavae viatu wakienda chooni na shambani, si kanisani tu.

Safura ina udhaifu mmoja unaotupa moyo. Vijiminyoo vyake haviishi udongoni kwa miaka kama mayai ya minyoo mikubwa. Katika hali nzuri hudumu wiki chache tu. Familia ikiacha kabisa kujisaidia migombani, udongo wa migombani utasafika wenyewe kabla ya msimu kwisha.

Kwa wale wanaoishi kando ya ziwa

Wasomaji wa kando ya Ziwa Victoria, na wanaolima mpunga katika maji yaliyotuama, wana adui mwingine, yaani kichocho cha tumbo. Minyoo yake haikai ndani ya utumbo wenyewe bali katika mishipa ya damu inayouzunguka, na inaweza kukaa humo miaka mitatu hadi kumi. Mayai hutoka na kinyesi. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, huzaliana humo, kisha hutoka na kumwingia mtu kupitia ngozi anapovua, anapofua au kuogelea. Hutoka kwa wingi zaidi mchana wakati wa jua.

Mayai yanayobaki mwilini ndiyo huharibu ini. Baada ya miaka, tumbo hujaa maji, na wengine hutapika damu. Tatizo kwa mvuvi ni kwamba hawezi kuambiwa asiguse ziwa, maana ndilo shamba lake. Lakini anaweza kuacha kujisaidia ufukweni. Maji ya kuoga yanaweza kutekwa na kuachwa katika chombo kwa siku mbili kabla ya kutumika, ilimradi hakuna konokono aliyeingia, kwa sababu vijidudu hivyo hufa katika muda huo. Albendazoli haiponyi kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wa mtu.

Nguruwe, choo na kifafa

Tunafika kwenye jambo ambalo tungependa lisomwe kwa sauti katika kila nyumba inayofuga nguruwe.

Tegu wa nguruwe ni mnyoo bapa, kama utepe wenye pingili nyingi, anayeweza kufikia mita kadhaa. Mtu humpata kwa kula nyama ya nguruwe yenye malengelenge madogo meupe, ya ukubwa wa punje ya mahindi, ikiwa haikuiva. Kitimoto iliyochomwa haraka haraka, nje nyeusi na ndani bado nyekundu, ndiyo njia yake. Tegu akiwa tumboni mtu anaweza asihisi lolote, ila huona vipande bapa vyeupe katika kinyesi. Nguruwe hupata malengelenge hayo kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu.

Mpaka hapo wengi wanafahamu. Hatari kubwa ni hii inayofuata. Mayai ya tegu yakimezwa na mtu, kupitia mikono isiyonawiwa, maji au mboga, mwili wa mtu hufanywa kama mwili wa nguruwe. Malengelenge huota katika misuli, machoni, na katika ubongo. Yakiwa katika ubongo huleta maumivu makali ya kichwa na kifafa. Kwa hiyo aliyekula nyama mbichi hupata tegu, lakini anayepata kifafa anaweza kuwa mkewe, mtoto wake au jirani ambaye maishani hajaonja nyama ya nguruwe, kwa sababu tu mwenye tegu alipika au alitoa maji bila kunawa mikono.

Hili si jambo la mbali. Katika wilaya ya Mbulu, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua ndimi za nguruwe na kukuta karibu nguruwe 17 kati ya kila 100 wana malengelenge. Mbozi na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini nazo zina tatizo hilo, na madaktari wamekuta malengelenge haya katika ubongo wa baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Kifafa hicho si laana, wala hakiambukizwi kwa povu au mate ya mgonjwa. Mtu aliyeanguka motoni huku watu wakiogopa kumgusa ameumia mara mbili bila sababu. Ashikwe, aondolewe penye hatari, alazwe ubavu, na baadaye apelekwe hospitali.

Nguruwe afungiwe bandani mwaka mzima. Tunajua ugumu wake: wakati wa mashamba hufungwa ili wasiharibu mazao, na baada ya mavuno, chakula kikiwa haba, hufunguliwa wajitafutie. Wanachojitafutia ndicho hicho tunachokisema. Ni afadhali kufuga mmoja unayeweza kumlisha kuliko watano wanaozurura. Nyama yenye malengelenge isiuzwe kwa bei ya chini wala kugawiwa jirani. Ng'ombe naye ana tegu wake anayepatikana kwa nyama isiyoiva, lakini huyo haleti malengelenge ubongoni.

Choo kipo, lakini kinatumika?

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, watu walipokusanyika katika vikundi mbele ya redio kusikiliza masomo ya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni mbili walishiriki, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kampeni nyingine zimefuata tangu hapo. Hata hivyo minyoo ipo, na sababu moja ni kwamba choo kilichochimbwa kwa ajili ya mkaguzi si sawa na choo kinachotumiwa na kila mtu wa nyumba.

Nani hatumii? Mtoto hatumii kwa sababu shimo ni kubwa na anaogopa kutumbukia. Atobolewe tundu dogo pembeni, au awe na chombo chake. Aliye shambani hatumii kwa sababu choo kiko nyumbani, mwendo wa saa nzima. Basi shambani pachimbwe shimo fupi, lifukiwe kila mara. Katika baadhi ya makabila baba mkwe na mke wa mwanawe hawawezi kuingia choo kimoja, kwa hiyo mmoja wao huishia vichakani. Hatuoni faida ya kubishana na heshima hiyo. Familia ichimbe vyoo viwili, au igawe kimoja kwa ukuta na milango miwili. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa, naye awekewe kiti chenye tundu.

Choo chenyewe kinaweza kuwa chanzo cha ugonjwa. Sakafu ya udongo iliyolowa, yenye kinyesi pembeni mwa tundu, ni mahali pazuri pa safura kuliko hata migombani. Sakafu iwe ya zege kama uwezo upo, au ya magogo yaliyosiribwa na kuwekwa majivu makavu mara kwa mara. Tundu liwe na kifuniko. Choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, tena upande wa chini wa mteremko. Mlangoni patundikwe kibuyu chirizi na kipande cha sabuni. Pasipo sabuni, majivu hufanya kazi. Choo kisicho na maji ya kunawa kimefanya nusu ya kazi.

Kama kuna anayeshuku kwamba haya yanawezekana, aitazame Korea Kusini. Mwaka 1971, katika uchunguzi wa taifa zima, watu 84 kati ya kila 100 walikutwa na mayai ya minyoo katika kinyesi. Tangu mwaka 1969 wanafunzi walikuwa wakipimwa na kupewa dawa mara mbili kwa mwaka, na katika miaka hiyohiyo wakulima wakaacha kutumia kinyesi kibichi cha watu kama mbolea, na nyumba zikapata vyoo na maji. Mwaka 1997 waliokutwa na minyoo hawakufika watatu kati ya 100. Dawa na choo vilikwenda pamoja.

Mkienda zahanati

Kabla ya kwenda, fikirieni yale tuliyoyaeleza na mmweleze mganga: mnaishi kando ya ziwa au la, mnafuga nguruwe au la, nani analima pekupeku. Kwa maelezo hayo atajua apime nini. Kinyesi cha kupima kichukuliwe asubuhi hiyohiyo katika kichupa kisafi, kikavu, chenye kifuniko, kiasi cha ncha ya kidole gumba, kisichanganyike na mkojo wala udongo. Kinyesi cha jana hakifai. Kuharisha damu kunakosababishwa na amiba hakuponi kwa vidonge vya minyoo, kwa hiyo kipimo ni muhimu.

Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi dawa ya minyoo. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka miwili hupewa nusu ya kipimo cha albendazoli, na watoto wa umri huo huipata wakati wa matone ya vitamini A. Mama mjamzito asinywe dawa ya minyoo katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo ataipata kliniki pamoja na vidonge vya kuongeza damu, na vidonge hivyo avimalize hata kama vinageuza choo kuwa cheusi. Mtu mwenye kifafa au maumivu ya kichwa ya muda mrefu, hasa anayetoka penye nguruwe wanaozurura, asinunue dawa ya tegu wala ya kichocho dukani. Dawa hizo zinaweza kuyachokoza malengelenge ubongoni na kuleta degedege kali, kwa hiyo amweleze mganga kwanza, ili dawa anywee mahali penye daktari.